Kinachonunuliwa kwa Jina la Watoto

Katika majuma yaliyo kati ya kufungwa kwa shule na kufunguliwa kwake mwezi wa tisa, ofisi za wakuu wa shule katika mji wetu hupata wageni wa namna moja. Ni watu wenye adabu, aghalabu vijana, waliovaa vizuri. Wamebeba kompyuta na karatasi zenye picha za rangi. Hawauzi madawati, wala mabati, wala chaki. Wanachouza ni hamu ya kusoma. Mmoja ana tableti zenye masomo na michezo ya hesabu. Mwingine ana masanduku ya vifaa vya sayansi. Wa tatu huandaa mashindano ya maarifa kati ya shule na shule, yenye ada ya kuingia. Wa nne huwafundisha vijana uongozi na kujiamini kwa siku tatu, kisha huwapa cheti chenye muhuri. Wote husema neno lile lile: wanafunzi wenu watashiriki, watachangamka, hawatasinzia tena.

Kwa kuwa kazi yetu ni kuwaandaa walimu, shule kadhaa zimetuita tuketi pembeni ya meza wageni hao wanapozungumza, kisha tuseme tunaonaje. Haya tunayoandika yametoka kwenye viti hivyo vya pembeni.

Tuseme mapema kwamba ugonjwa ambao wageni hao wanadai kuutibu upo kweli. Aliyewahi kukaa nyuma ya darasa la watoto sitini, kama tufanyavyo tunapomtazama mwalimu mwanafunzi akifundisha kwa mara ya kwanza, ameuona. Mwalimu anauliza, mikono sita inainuka, na ni ile ile sita ya jana. Wengine wananakili muhtasari kutoka ubaoni, neno kwa neno, pamoja na makosa yake. Mtoto wa benchi la tatu amejifunza kuinua uso kila mwalimu anapomtazama na kuushusha kila mwalimu anapogeukia ubao. Hafanyi fujo. Katika daftari la nidhamu hana alama mbaya hata moja. Lakini hayupo.

Mwaka 2004 wataalamu watatu wa Marekani, Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris, walitoa makala ambayo bado inatusaidia katika jambo hili. Walitofautisha ushiriki wa matendo, ushiriki wa moyo na ushiriki wa akili. Mtoto anaweza kuhudhuria kila siku na kuinua mkono, na bado akili yake isitende kazi yoyote. Anaweza kucheka, kupiga makofi na kuimba, akarudi nyumbani kama alivyokuja. Tunaona kwamba sehemu kubwa ya vitu vinavyoletwa kwetu huamsha matendo na moyo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotokea vizuri kwenye picha. Akili inayofanya kazi haina sura ya kupendeza mbele ya kamera: mara nyingi ni mtoto aliyekunja uso, anafuta alichoandika, anamnong'oneza jirani yake, na mtu asiyejua angesema amechoka.

Sasa tuje kwenye fedha. Katika nchi yetu fedha ya shule ina historia ambayo mgeni hawezi kuisoma kwa kutazama majengo. Sisi tulioanza kushika chaki katika miaka ya 1990 tunakumbuka jinsi mshahara wa serikali ulivyokuwa haufiki, au ulifika ukiwa mdogo kiasi cha kuaibisha, na wazazi wakachanga ili mwalimu asiliache darasa. Mchango ule, ulioitwa wa muda, ulidumu zaidi ya miaka ishirini. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji wa jumla ulingoja mwezi wa tisa wa 2019. Shule za kikatoliki zilizo chini ya mapatano ya 1977 kati ya Kanisa na serikali ni shule za umma, basi neno hilo linazihusu nazo. Ndiyo maana wauzaji hupendelea sekondari na shule binafsi, ambako mzazi bado analipa. Na pale ambapo shule ya msingi ya umma imeingizwa katika biashara hii, mara nyingi imepitia mlango wa nyuma uitwao mchango wa hiari, ambao mtoto asiyeuleta huulizwa habari zake mbele ya wenzake.

Kamati inaposema "shule itanunua", huwa tunaiomba iirudie sentensi hiyo kwa kumtaja mwenye kununua. Mama auzaye makaa sokoni atanunua. Baba mwenye pikipiki ya kubeba abiria atanunua. Ombi hili limetufanya tusipendwe katika vikao viwili vitatu, lakini mazungumzo hubadilika.

Je, uchaguzi wenyewe hufanyikaje? Tulivyoona, hufanyika upesi mno, na karibu kila mara bila mwalimu wa darasa. Wanaoketi ni mkuu wa shule, mtunza fedha, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mgeni anaonyesha video: darasa la watoto ishirini na watano, madirisha yenye vioo, mkuu wa shule ya mbali akishuhudia kwamba alama zimepanda. Kisha hutajwa shule jirani ambayo tayari imetia sahihi. Hapo ndipo biashara inapokwisha. Hatumcheki mkuu wa shule: shule inayoishi kwa karo huogopa kweli kuhamwa na watoto, na mzazi anayechagua shule hutazama kilichoandikwa kwenye bango la nje kuliko kinachotendeka ndani saa mbili asubuhi. Walimu hupata habari mwezi wa tisa, katika semina ya siku mbili yenye chai na posho. Wanapiga makofi. Mwalimu ambaye amekaa miezi bila malipo kamili hawezi kuipigia kelele semina yenye posho, na muuzaji huyahesabu makofi yale kuwa ushahidi.

Kuhusu ushahidi huo wa shule iliyofanikiwa, liko jambo lililofanyika si mbali sana na sisi, magharibi mwa Kenya, katika wilaya za Busia na Teso. Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz walichunguza chati kubwa za kufundishia, zile za kugeuza ukurasa baada ya ukurasa mbele ya darasa. Walipolinganisha shule ambazo tayari zilikuwa na chati na zile zisizokuwa nazo, ilionekana wazi kwamba chati zinainua alama. Kisha wakafanya lililo gumu zaidi. Katika shule 178, nusu yake, yaani 89, zilipewa chati kwa utaratibu usio na upendeleo, halafu zikalinganishwa na nyingine. Tofauti haikuonekana. Maelezo yake si fumbo: shule zilizokuwa zimenunua chati zenyewe ndizo zilizokuwa na wakuu wenye juhudi na wazazi wenye uwezo; zingefanya vizuri hata bila chati. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2004, na tunausimulia katika kila kikao ambako video inaonyeshwa, si ili kumwaibisha mgeni, bali ili kamati iulize: shule hii ya kwenye video ilikuwaje kabla ya kununua?

Watafiti hao hao, isipokuwa Zitzewitz, walitoa mwaka 2009 matokeo mengine kutoka eneo lile lile, juu ya vitabu vya kiada. Vitabu viliwasaidia wanafunzi waliokuwa tayari na nguvu. Walio wengi havikuwainua. Vilikuwa vimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wa watoto wale ilikuwa ya tatu, na havikulingana na kiwango chao. Msomaji wa Kongo hahitaji kufafanuliwa sana. Tumeona tableti zinazozungumza Kifaransa safi, cha haraka, cha sauti za ng'ambo, mbele ya mtoto ambaye nyumbani anasema Mashi au Kihavu, sokoni Kiswahili, na Kifaransa anakikuta darasani tu. Sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika kufundishia. Muuzaji alipoulizwa kama programu yake ina Kiswahili, alijibu kwamba watoto huizoea lugha upesi kwa sababu ya picha. Jibu hilo tuliliandika kama lilivyo.

Tukienda mbali kidogo, Peru ilinunua kompyuta ndogo kwa ajili ya watoto, mamia ya maelfu, kila moja kwa bei ya karibu dola 200, katika mpango uliojulikana duniani kote kwa ahadi ya kompyuta moja kwa kila mtoto. Uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za vijijini, uliotolewa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, haukukuta maendeleo katika hesabu wala katika lugha. Watoto walizitumia kompyuta, naam. Walishiriki, kama neno hilo lina maana ya kushika na kubonyeza. Lakini namna mwalimu alivyofundisha somo lake haikuonekana kubadilika.

Lakini si kutokujifunza peke yake kunakotusukuma kuandika. Katika sekondari moja ya mji wetu, ambayo hatutaitaja, programu ya tableti ililipiwa kwa kichwa, kila mtoto kwa kila muhula. Somo lilikuwa siku ya nne, saa mbili nzima. Muhula wa kwanza karibu wote walilipa. Muhula wa pili darasa moja lilikuwa na watoto kumi na saba ambao hawakulipa. Kampuni ilikuwa imehesabu tableti kwa waliolipa, wala haikuwa na kosa mbele ya mkataba. Basi kila siku ya nne watoto kumi na saba walitoka nje, wakaketi chini ya mti wa avokado ulio nyuma ya vyoo, bila mwalimu. Tulikwenda pale kumtazama mwalimu mwanafunzi, tukawakuta. Msichana mmoja alikuwa na daftari magotini, anachora mistari. Tulipomwuliza wanafanya nini hapo, alisema kwa heshima, "Baba, sisi ni wale wasio na tableti." Hakusema wasiolipa. Jina walikuwa wamekwisha kulipata.

Muhula wa tatu, tisa kati yao hawakurudi shuleni. Hatudai kwamba tableti ndiyo iliyowaondoa. Umaskini una milango mingi, na mwaka ule ulikuwa mgumu kwa wote. Tunachosema ni kwamba shule ilinunua kitu cha kuwafanya watoto washiriki, na kwa kitu hicho hicho ikawatoa nje, mara moja kila juma, kwa saa iliyopangwa kwenye ratiba. Shule ambayo juu ya mlango wake kuna jina la mtakatifu haiwezi kulitazama jambo hilo kama hesabu ya mtunza fedha.

Tangu hapo swali letu la kwanza mezani si bei. Ni hili: asiyelipa atakuwa wapi saa ile? Kijana mmoja wa kampuni, mwenye moyo mzuri kabisa, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mzee, hilo hatujawahi kuulizwa." Tulimwambia, "Mwanangu, waulize wakubwa wako, nasi tutangoja." Alirudi baada ya majuma mawili na bei ya darasa zima badala ya bei ya kichwa. Haikuwa rahisi kuliko ile ya kwanza, lakini ilikuwa ya watoto wote, na kamati ikajua inajadili nini.

Maswali mengine ni ya kazi ya kila siku, na mwalimu wa darasa ndiye anayeyajua kuliko mtaalamu yeyote. Somo hili litachukua saa ya somo gani? Umeme ukikatika, nani analipia mafuta ya jenereta? Mwaka wa pili, punguzo la mwanzo likiisha, bei itakuwa kiasi gani, na je, tukiacha, vifaa vinabaki au vinaondoka? Picha za watoto wetu zitatumiwa katika video ya kuwashawishi wengine, na nani aliyewaomba wazazi ruhusa? Hili la mwisho husahauliwa kabisa. Tumewahi kumwona mtoto wa jirani kwenye bango la matangazo, mama yake akiwa hana habari.

Pasiwe na mtu wa kudhani kwamba tunapinga kila kitoka nje. Shirika la Pratham, la India, limeeneza mbinu ambayo hata sisi tumeiiga kwa sehemu: watoto hupangwa kwa muda fulani wa siku kulingana na wanachoweza kusoma, si kulingana na umri au darasa, na vifaa vyake ni vichache sana. Jambo lililotufundisha zaidi ni pale iliposhindikana. Katika jimbo la Bihar kulikuwa na shule zilizopewa vifaa vya Pratham peke yake, hakuna kilichobadilika. Katika Uttar Pradesh, ambako ziliwekwa siku maalumu za kusoma, watu wa Pratham wakiongoza pamoja na wasaidizi wa kujitolea, watoto walipiga hatua kubwa. Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao ndio waliochunguza. Vifaa vilikuwa vile vile. Kilichotofautiana kilikuwa muda uliotengwa na mtu aliyefuatilia, na hivyo viwili havimo katika orodha ya bei ya muuzaji yeyote tuliyekutana naye.

Nasi hatukuanzia patupu. Kila shule yetu ina kikao cha walimu ambacho wakaguzi hukiita seluli ya msingi. Kimeagizwa kwa ajili ya kufundishana kazi, ingawa mara nyingi hutumiwa kusoma matangazo ya ofisi. Mwendo wa Xaveri ulizaliwa Bukavu, katika miaka ya 1950, kwa juhudi ya Padri Georges Defour, na tangu hapo vijana wamejifunza humo kusema mbele ya watu, kugawana kazi, kutunza hesabu ndogo ya kikundi. Wapo walimu wetu waliolelewa humo. Halafu tunakaribisha mtu wa kuwafundisha uongozi kwa siku tatu! Mtu akitaka kujua ni kwa nini kijana anayesinzia darasani huwa macho kabisa katika mazoezi ya kwaya jioni ya siku ya sita, hahitaji kununua jibu, aende akatazame. Ataona kwamba kwenye kwaya kila sauti inahitajika, na asiyekuja anatafutwa.

Mwaka jana sekondari moja ilikubali kujaribu kabla ya kununua. Kilikuwa kisa cha masanduku ya sayansi: taa ndogo, nyaya, sumaku, vikombe vya kupimia. Mwenye mali aliazima masanduku mawili kwa muhula mmoja, tukayaweka katika madarasa mawili ya saba, ya walimu wawili tofauti. Hatukutoa mtihani wa pekee. Mwalimu mwenzao aliketi nyuma mara moja kwa juma akiwa na orodha ya majina, akaweka alama ndogo mbele ya kila mtoto aliyeuliza, aliyejibu, au aliyeshika kifaa kwa mkono wake.

Katika darasa la kwanza orodha ilijaa. Watoto walifanya kazi wanne wanne, na wasichana, ambao orodha ya majuma ya mwanzo ilikuwa imewaacha weupe, walianza kuonekana. Mmoja wao aliunganisha nyaya kinyume makusudi ili aone taa itafanya nini. Katika darasa la pili orodha haikubadilika. Tulidhani mwalimu hakuelewa semina. Tulipozungumza naye faraghani, alitueleza kwamba sanduku alilifungua siku ya kwanza tu. Karatasi aliyotia sahihi wakati wa kulipokea ilisema kwamba kitakachovunjika kitakatwa kwenye malipo yake, na kikombe kimoja kilikuwa na bei ya karibu siku nne za kazi yake. Basi alikuwa akiwaonyesha watoto sanduku kutoka mezani, limefunikwa kwa plastiki.

Kamati ilikutana mwezi wa saba, safari hii walimu wawili wale wakiwamo. Masanduku kumi na mawili yaliyokuwa yamependekezwa yakawa mawili, yatakayozunguka darasa kwa darasa. Mjadala mrefu kabisa wa siku hiyo haukuhusu bei. Ulihusu mstari mmoja wa mkataba, ambao mama mmoja wa kamati, muuza vitambaa, alitaka uandikwe upya: kwamba kifaa kikivunjika mikononi mwa mtoto au mwalimu wakati wa somo, hasara ni ya shule. Mtunza fedha alipinga kwa saa nzima. Mstari uliandikwa, na fungu dogo la fedha likatengwa kwa ajili ya vitakavyovunjika mwaka huu.